Injini iliyotembea kilomita nyingi ipimwe kwanza, ndipo ifunguliwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili nimjibu msomaji mwenzangu wa Makambako, ambaye malalamiko yake mliyachapa hivi karibuni. Ndugu huyo alieleza kwamba gari lake aina ya Noah, lililokwisha kuvuka kilomita 300,000, lilianza kukosa nguvu vilimani na kula oili, na kwamba fundi wake, baada ya kulisikiliza kwa muda mfupi na kuchungulia chini ya kifuniko cha oili, alitamka kuwa injini imekwisha na hakuna dawa isipokuwa kuagiza nyingine ya mtumba kutoka Dar es Salaam. Kwa masikitiko yake akawashauri wasomaji wote kwamba gari likifikia umri huo wasihangaike na uchunguzi, watafute injini. Mimi ni fundi wa magari hapa Uyole, na kazi hii nimezeeka nayo. Ushauri huo naupinga. Siupingi kwa kudhani kwamba injini hazifi, kwani zilizokufa nazipokea kila msimu. Naupinga kwa sababu katika barua nzima, pamoja na urefu na uchungu wake, sikuona kipimo hata kimoja kilichochukuliwa kabla ya hukumu kutolewa.

Nianze na hizo kilomita, maana ndizo zilizomtisha. Namba iliyo kwenye dashibodi ni ushahidi dhaifu wa hali ya ndani ya injini. Magari mengi tunayotumia yalifika nchini yakiwa yamekwisha kutumika kwingine, na si siri kwamba mita za baadhi yake zilirudishwa nyuma kabla ya kuuzwa. Hata pale mita inaposema kweli, kilomita hazilingani. Gari linalowashwa alfajiri Mafinga, likapata joto na kutembea bila kuzimwa hadi Mbeya, huchakaa polepole kuliko gari la mjini linalowashwa na kuzimwa kutwa nzima likiwa bado baridi, kwa kuwa sehemu kubwa ya kulika kwa ringi (bangili za chuma zinazoizunguka pistoni) na kuta za silinda hutokea wakati oili haijasambaa vizuri na injini haijafikia joto lake. Kisha kuna vumbi. Gari lililoshinda kwenye machimbo ya Chunya au mashamba ya mpunga ya Usangu likiwa na filta ya hewa iliyopasuka linaweza kumaliza ringi zake kabla hata ya kufikia nusu ya kilomita hizo. Kwa hiyo, kabla sijashika kitu kingine, huvua bomba la hewa lililo baada ya filta na kupitisha kitambaa cheupe kwa ndani. Kikitoka na vumbi la rangi ya udongo, nimekwisha kujua wapi pa kuanzia, na mwenye gari naye ameona kwa macho yake.

Jambo ambalo vitabu vya ufundi vilivyoandikwa kwingine havitusaidii nalo ni kwamba nyanda hizi za juu zina tabia ya kuzisingizia injini ugonjwa. Mji wa Mbeya uko takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, Iringa haipungui sana hapo, na Njombe inakaribia mita 2,000. Hewa ya huku ni nyepesi, na asubuhi za Juni na Julai ni za baridi kali. Mambo hayo mawili huzaa dalili ambazo fundi mwenye haraka huzichukua kuwa ni kifo.

Chukua ule ute mweupe, kama chai ya maziwa iliyoganda, unaoonekana chini ya kifuniko cha kujazia oili. Nadhani ndio uliomponza ndugu yetu wa Makambako. Ni kweli kwamba maji ya rejeta yakipenya kwenye oili kwa sababu ya gasketi ya silinda hedi (kizibo bapa kilicho kati ya silinda na hedi inayozifunika) kuungua au hedi kupasuka, oili hubadilika na kuwa hivyo. Lakini katika majira ya baridi, gari linalotembea safari fupi fupi za nyumbani hadi sokoni hukusanya unyevu ndani ya injini, na unyevu huo hugandia kwenye kifuniko, ambacho ndicho kipo mahali pa baridi zaidi, ukachanganyika na mvuke wa oili. Tofauti hujulikana kwa kuchomoa stiki ya oili na kutazama kilichoko chini: oili ya kwenye stiki ikiwa safi, kiwango chake hakipandi, na maji ya rejeta hayapungui, basi futa kifuniko kwa kitambaa, peleka gari safari ndefu lipate joto la kutosha, kisha litazame tena. Kununua injini kwa sababu ya kifuniko ni kubomoa ghala zima la mahindi kwa kuona kinyesi cha panya mlangoni.

Moshi mweusi nao ni hivyo hivyo. Dizeli isiyo na turbo, kama injini ya 1HZ ya Land Cruiser ya lita 4.2 inayopendwa sana huku, ikipanda mlima wa kuelekea Chunya au Kitulo hupata hewa pungufu wakati pampu inaendelea kupeleka dizeli ileile, na kisichoungua hutoka kikiwa moshi mweusi. Huo ni mwinuko, au filta ya hewa iliyoziba, au nozo (vinyunyizio vya dizeli) na pampu zinazohitaji kurekebishwa, na hayo yote yako nje ya silinda. Moshi wa kuogopwa na mwenye injini ya zamani ni wa bluu, kwani huo ni oili inayoungua, na hata huo una maswali yake. Ukitoka mara moja tu baada ya kuteremka mteremko mrefu bila kukanyaga mafuta, kama vile kutoka Isyonje kwenda Tukuyu, kisha moshi ukakoma gari linapoendelea na safari, mara nyingi kosa liko kwenye sili za valvu, ambazo ni kazi ya juu ya injini. Ukitoka mfululizo gari likivuta mzigo, na kifuniko cha oili kikifunguliwa injini inapumua kwa nguvu na kurusha matone, hapo ringi na silinda zina kesi ya kujibu. Kabla ya kesi hiyo kusikilizwa, fundi asafishe kwanza ile valvu ndogo inayorudisha mvuke wa injini kwenye njia ya hewa, kwa sababu ikiziba, hata injini isiyo na ugonjwa hupumua vibaya na kusukuma oili nje kupitia kila sili.

Lakini mahali ambapo nimeona injini nyingi nzima zikihukumiwa ni kwenye geji ya kompresheni, na hasa kwa mafundi ambao angalau wana bidii ya kupima. Geji hiyo huonyesha jinsi hewa iliyoingia kwenye silinda ilivyobanwa. Hewa ikiwa nyepesi tangu mwanzo, hata silinda isiyo na kasoro haiwezi kufikisha namba ya pwani. Kwa mwinuko wa Mbeya upungufu ni kama asilimia 15 hadi 20. Injini ambayo kitabu chake kinataka bar 12 (bar ni kipimo cha shinikizo) itaonyesha hapa bar 10 hivi, na haina ugonjwa wowote. Iteremshe Kyela, ambako ni kama mita 500 tu kutoka usawa wa bahari, na namba itapanda bila mtu kugusa hata nati moja. Fundi aliyejifunzia kazi Dar es Salaam akahamia Njombe na geji yake bila kulijua hilo atakuta kila gari la Njombe ni bovu.

Ndiyo maana kinachosema ukweli zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda, maana zote zinavuta hewa ileile. Kwa injini nyingi za petroli za Toyota, vitabu huruhusu tofauti isiyozidi takriban bar 1. Silinda nne zikisoma 9.8, 10, 9.9 na 9.7, hiyo ni injini yenye umri lakini iliyo sawasawa, na kama inakosa nguvu vilimani, sababu itafutwe kwenye mafuta, hewa, moto wa plagi au eksozi iliyoziba. Ikisoma 10.5, 10.4, 7 na 10.3, kuna silinda moja mgonjwa, na mahali pa ugonjwa panajulikana. Mbili zilizo jirani zikiwa chini kwa pamoja, mtuhumiwa wa kwanza ni gasketi iliyoungua katikati yake.

Kipimo chenyewe kina masharti, na yakivunjwa ni heri kisifanyike. Injini iwe imepata joto lake la kazi. Betri iwe na chaji kamili, kwa sababu stata ikizungusha kwa uvivu kompresheni yote hushuka, na asubuhi ya baridi betri iliyochoka huwadanganya wengi. Plagi zote zitolewe, si moja moja. Mafuta na moto vikatwe. Kisha mtu akanyage pedeli ya mafuta hadi mwisho ili njia ya hewa iwe wazi kabisa. Sharti hili la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi, na ukilisahau unapima hewa ambayo hukuiruhusu iingie. Kwa dizeli, geji ya petroli haifai kabisa: kompresheni ya dizeli hufika bar 20 hadi zaidi ya 30, na hupimwa kwa geji yake kupitia tundu la nozo au la plagi ya kupashia moto. Namba ziandikwe kwenye karatasi pale pale, silinda kwa silinda, na karatasi apewe mwenye gari.

Silinda ikionekana iko chini, kazi haijaisha. Ndiyo kwanza inanoga. Kwenye injini ya petroli, mimina kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi, zungusha, pima tena. Oili huziba kwa muda nafasi iliyo kati ya ringi na ukuta wa silinda, kwa hiyo namba ikipanda sana, ringi au silinda zimelika. Isipopanda, hewa inatorokea kwenye valvu au gasketi. Baada ya hapo hutumia kompresa ya kujazia matairi, ambayo karibu kila mtaa wa gereji unayo. Pistoni ya silinda hiyo huletwa juu kabisa, valvu zote zikiwa zimefunga, kisha hewa ya kompresa huingizwa polepole kupitia tundu la plagi, na fundi huzunguka akisikiliza. Hapo spana isiachwe hata kidogo kwenye pulii ya kranki (shafti ya chini inayozungushwa na pistoni), maana hewa inaweza kuisukuma pistoni chini na spana ikamvunja mtu mkono. Mfoko ukisikika kwenye bomba la eksozi, valvu ya kutolea moshi haifungi. Ukisikika kwenye njia ya hewa, ni valvu ya kuingizia. Ukitokea kwenye tundu la kujazia oili, ni ringi. Na mapovu yakipanda kwenye rejeta, ni gasketi au hedi.

Nitoe mfano mmoja. Ililetwa hapa Hiace ya petroli ya silinda nne iliyokuwa ikibeba abiria kati ya Mbeya na Tukuyu, ikiwa imekwisha kuhukumiwa kwingine kuwa ringi zimekufa na inahitaji ovahoo, yaani injini yote kufunguliwa na kutengenezwa upya. Silinda ya kwanza ilisoma bar 10.1, ya pili 10.3, ya tatu 6, ya nne 10. Tukaweka oili kwenye ya tatu, ikapanda kwa nukta chache tu. Tukapeleka hewa, na mwenye gari mwenyewe akainama akaweka kiganja kwenye mdomo wa eksozi, akaisikia ikipuliza. Hedi ilipotolewa, valvu moja ya kutolea moshi ilikuwa imeungua ukingo, pametafunika kipande cha ukubwa wa ukucha wa mtoto. Chanzo kilikuwa nafasi ya valvu ambayo haikuwa imerekebishwa kwa muda mrefu: kiti cha valvu huzama kidogo kidogo, nafasi inakwisha, valvu inaacha kufunga sawasawa, na moto unaipitia ukingoni. Valvu ikabadilishwa, viti vikasagwa, gasketi ikawekwa mpya, gari likarudi barabarani. Pistoni, ringi na kranki hatukuzigusa. Siku hizi kuna kamera ndogo yenye waya mwembamba inayounganishwa na simu, ambayo hupitishwa kwenye tundu la plagi, na mtu huona kichwa cha pistoni na mikwaruzo ya silinda bila kufungua kitu. Fundi asiye nayo anaweza kuchanga na wenzake wakanunua moja kwa ajili ya mtaa mzima.

Hayo ni ya upande wa juu. Upande wa chini, yaani kranki na beringi zake (vipande laini inamozungukia), geji ya kompresheni haioni chochote, na hapa ndipo watu hupoteza injini kwa kuchelewa, si kwa kuharakisha. Taa ya oili ikianza kupepesa injini ikiwa ya moto na haijakanyagwa mafuta, tabia iliyoenea ni kumwaga oili na kuweka nzito zaidi, au kubadilisha ile swichi ya taa, na taa ikizima watu wakashukuru. Swichi inaweza kuwa mbovu kweli, lakini njia ya kujua ni kuitoa na kufunga mahali pake geji ya kupima presha ya oili. Kwa injini nyingi za Toyota, injini ikiwa imepata joto, presha haitakiwi kuwa chini ya bar 0.3 inapounguruma bila kukanyagwa, na kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika iwe kati ya bar 2.5 na 5. Ikiwa chini ya hapo, zima gari. Usiliendeshe hata kulirudisha nyumbani.

Kisha ikatwe filta ya oili. Simaanishi ibadilishwe, namaanisha ile ya zamani ikatwe kopo lake kwa kisu cha bati au msumeno mwembamba, chengachenga za msumeno zikitengwa, karatasi yake ikunjuliwe juani na kukaguliwa mkunjo kwa mkunjo. Karatasi ya filta ni daftari la siri za injini ambalo kila siku tunalitupa kwenye pipa. Pitisha sumaku: kinachonaswa ni chuma, na chuma hutoka kwenye ringi, kuta za silinda, kemu au kranki. Kisichonaswa, laini na cheupe, kinaweza kuwa pistoni au tabaka la juu la beringi; chenye rangi ya shaba kinasema kwamba tabaka hilo limekwisha kulika na beringi imefikia mwili wake. Land Cruiser moja ya 1HZ, pikapu ya kazi za machimbo, ilifika ikiwa haigongi kabisa, dereva akilalamikia taa tu. Filta yake ilipokunjuliwa juani ilimetameta rangi ya shaba. Tulishusha sampo (bakuli la oili la chini ya injini), tukafungua vikombe vya konrodi (mikono inayounganisha pistoni na kranki) kimoja baada ya kingine, tukakuta beringi zimeanza kuonyesha shaba ilhali shingo za kranki zilipopimwa kwa maikromita zilikuwa bado ndani ya kipimo. Beringi mpya zikamaliza kazi. Gari lile lingeendelea wiki chache kwa oili nzito, kranki ingekwenda kuchongwa au konrodi ingetoboa bloku.

Injini ikiwa imekwisha kuanza kugonga, sauti nayo isikilizwe kwa utaratibu. Mlio mzito wa kugonga wa chini, unaosikika zaidi gari linapovuta mzigo, huelekeza kwenye beringi kubwa za kranki. Ule mkali kidogo unaorudia unapoachia mafuta huelekeza kwenye konrodi. Unaosikika injini ikiwa baridi na kupotea ikipata joto mara nyingi ni pistoni iliyolegea kwenye silinda, na gari linaweza kuishi nao muda mrefu. Mtikito wa juu juu ni wa valvu. Bisibisi ndefu, ncha kwenye bloku na mpini sikioni, bado ni chombo kizuri. Ukikata moto wa silinda moja na mlio wa kugonga ukapungua, umepata silinda yenyewe. Kwa dizeli za zamani zenye pampu ya kawaida, hilo hufanywa kwa kulegeza nati ya bomba la nozo. Kwa dizeli mpya za mfumo wa reli moja ya shinikizo kubwa, nati hiyo isiguswe injini ikiwa inawaka, kwa kuwa shinikizo lake hupita bar 1,000 na dizeli inayoruka humpenya mtu ngozi kama sindano. Nawasihi vijana wa gereji walishike hilo.

Kuhusu kuchemsha, niseme machache. Maji yasiyo na shinikizo huchemka Mbeya kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Kifuniko kizima cha rejeta, cha bar 0.9, huyafanya yavumilie zaidi ya nyuzi 110. Mpira wake ukifa, maji huchemka karibu na joto la kawaida la injini, na gari linalopanda Kitonga likirusha maji huambiwa limeunguza gasketi. Kipimwe kwanza kifuniko. Na tabia ya kutoa thamostati na kuitupa ati injini ipoe iachwe, hasa huku kwetu: injini isiyo na thamostati Njombe au Makete mwezi Julai haifikii joto lake kutwa nzima, petroli isiyoungua huteremka na kuchanganyika na oili, na silinda hulika mapema. Nimeona wenye magari wakilipia ovahoo ambayo ilianzia kwenye kipande hicho kidogo kilichotupwa.

Wapo wanaoamini kwamba mashine ya kusoma kompyuta ya gari imemaliza haja ya haya yote. Naiheshimu na ninaitumia, lakini ikiniandikia P0302 imenieleza tu kwamba silinda ya pili inakosa kuwaka. Ni plagi, ni koili, ni nozo au ni valvu iliyoungua, hilo halimo kwenye namba, na hakuna kitambuzi kinachopima unene wa ringi.

Sasa kwa nini vipimo havifanyiki? Si ujinga wa mafundi peke yake, na hapa wateja wanisamehe. Mwenye gari yuko tayari kulipia spea anayoiona na kuishika, lakini akiambiwa alipe kwa kupimiwa anaona anaibiwa, kwa sababu mwisho wa kupima hakuna kilichobadilishwa. Fundi aliyetumia nusu siku kupima akakuta tatizo ni kifuniko cha rejeta hulipwa bei ya kifuniko. Aliyesema injini imekwisha hulipwa kuishusha, kuipandisha, na pengine ana chake kwa muuza injini. Kwa utaratibu huo, anayesema kweli ndiye anayelala njaa. Pendekezo langu kwa wenye gereji wa Mbeya, Iringa na Njombe ni kwamba upimaji uwe kazi yenye bei yake, itajwe kabla ya boneti kufunguliwa, na mteja akabidhiwe karatasi yenye namba za kompresheni, presha ya oili, mwinuko wa mahali ilipopimwa na kilichoonekana kwenye filta. Akitaka kwenda nayo kwa fundi mwingine, aende. Vyuo vya ufundi vya huku navyo viwafundishe vijana kusahihisha geji kwa mwinuko wa mji wanaofanyia kazi.

Nimrudie ndugu wa Makambako. Kama bado hajalipia hiyo injini ya mtumba, aulize swali moja: nayo ilipimwa na nani? Injini hizo huuzwa zikiwa chini sakafuni, zimeoshwa zikang'aa, bila mtu kujua zilitembea kiasi gani wala gari lake lilipatwa na nini, na mnunuzi aliyeogopa kilomita 300,000 anazozijua ananunua kilomita asizozijua. Kompresheni hupimika hata injini ikiwa sakafuni, mradi stata ipo, giaboksi imefungwa mahali pake na betri ina chaji. Muuzaji akikataa, jibu limepatikana. Tena akumbuke kwamba namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, na kubadilisha injini ni pamoja na kuipeleka taarifa hiyo mamlaka ya mapato.

Lakini kabla ya safari ya Dar es Salaam, alirudishe gari lake gereji likiwa limelala usiku kucha bila kuwashwa, aguse boneti mwenyewe ahakikishe ni baridi, na liwashwe mbele yake ili asikie mlio wa kwanza na aone moshi wa kwanza. Kisha plagi zitolewe baada ya injini kupata joto, na zipangwe juu ya gazeti kwa mfuatano wa silinda zilikotoka. Iliyolowa oili nyeusi na iliyokauka ikawa kahawia hazikutoka kwenye silinda zenye hali moja, na geji ianzie hapo.

Wako,
Fundi wa magari,
Uyole, Mbeya